Vitu Vilivyomwitikia Somo

Nikitaka kumkumbuka Somo sianzii usoni pake, naanzia chooni kwake. Uso wake umeanza kunipotea kidogo kidogo, siku hizi nauona kama kitu kilicho nyuma ya mvuke. Lakini choo chake naweza kukizunguka chote hapa nilipokaa, kutoka mlangoni mpaka ukuta wa mwisho, na mkono wangu usikose kitu.

Kilikuwa uani, nyuma ya nyumba yake ya mawe na udongo pale Gando, chumba kidogo cha kuogea ambacho watu wawili wakiingia lazima mmoja aombe radhi. Humo ndani hakikuwako kitu hata kimoja kilicholala sakafuni. Ubavuni mwa mlango ilisimama boriti ya mkoko iliyopigiliwa vifuu vya nazi, kimoja juu ya chenzake kama ngazi, na kila kifuu kimetobolewa chini ili maji yatoke. Cha juu cha sabuni, cha kati cha jiwe la kusugulia visigino, cha chini cha miswaki. Kwenye kona alitundika kipande cha wavu mkuukuu, na madodoki yalikauka humo kwa upepo uliopita juu ya ukuta. Mtungi uliovunjika mdomo aliulaza ubavu na kuujengea ukutani kwa udongo, ukawa pahala pakavu pa kuwekea kanga za kujifutia. Juu kabisa ulining'inia mkoba wa ukili wenye nguo safi. Ukivuta kamba unashuka mpaka kifuani pako, ukiachia unapanda tena mbali na maji. Mkoba ule tulipokuwa wadogo tuliugombania kuuvuta mpaka tukatimuliwa.

Mvuvi mmoja jirani, aliyempa kile kipande cha wavu, alimuuliza siku moja anavua samaki gani chooni. Somo akamjibu kwamba anavua uvivu wa mabinti zao, na mwaka ule umejaa tele.

Alikuwa somo wa mtaa mzima. Msichana akivunja ungo alipelekwa kwake kufundwa usafi wa mwili na haya za mwanamke. Akiposwa alirudi kwake tena, safari hii kusingwa, yaani kusuguliwa mwili kwa unga wa kunukia wa liwa na mafuta, na kufukizwa udi mpaka siku ya harusi. Jina lake alikuwa nalo, lakini hata wazee wenzake walimwita Somo, na mie sitamwita vyengine.

Mama yangu alinipeleka asubuhi moja, nikiwa na kanga mpya na woga mwingi. Kitu cha kwanza Somo alichonitaka ni kuoga. Nikaoga. Nilipotoka akaingia kukagua, akanikuta nimeacha sabuni chini.

"Sabuni yako imefiwa na nani," akaniuliza, "hata ikalala chini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinirudisha ndani, akanifunga macho kwa upande wa kanga yake, akaniambia niite. Nikauliza niite nini. "Iite sabuni." Nikaita sabuni kwa sauti ya mtu anayeona haya, naye akanishika kiganja akakipeleka mpaka kifuu cha juu, kisha akaibana sauti yake ikawa nyembamba kama ya kitoto, akajibu kwa niaba yake: "Labeka." Nikaita dodoki. "Labeka." Nikaita jiwe, nikaita kanga, nikaita mkoba, na kila kimoja kiliitika kwa sauti yake, jiwe kwa sauti nzito ya mzee mwenye mafua. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nilikuja kwa woga.

"Kitu ukikiita kiitike," alinambia akinifungua macho. "Kisipoitika, hakikupotea hicho. Wewe ndiye uliyekipoteza."

Alisema kwamba mwanamke lazima akijue choo chake bila kutazama, maana ukijimwagia maji na povu macho hufungwa kwa vyovyote. Niliona ni hekima ya usafi tu. Miaka ikapita kabla sijajua kwamba kuna siku mchezo ule ulimgeukia yeye mwenyewe ukawa si mchezo tena.

Hakuwa mtu mwepesi kumpenda. Alifundisha upole wa sauti na yeye sauti yake ilisikika mpaka bandarini. Alifundisha kuvumilia waume, na waume wawili aliwaacha yeye, wa pili kwa sababu alining'iniza suruali yenye tope kwenye mkoba wa nguo safi. Ndivyo alivyohadithia mwenyewe, bila kuonesha kwamba alijuta. Usafi wake ulikoma mdomoni: alitafuna tambuu siku nzima, na meno yake mekundu yalikuwa ya kwanza kukaribisha wageni. Maji alikuwa na choyo nayo, akimpimia bibi harusi kwa kata kama anayempimia dawa, lakini maiti wa kike akioshwa mtaani alibeba ndoo zake mwenyewe na hakuhesabu.

Neno alilolirudia kwa kila mwari ni kwamba somo hafichwi mwili. Kama una jipu, mwambie. Kama una maumivu, mwambie. Anayekuosha asipojua unapoumia atakuumiza bila ya kukusudia. Neno hilo amewaambia wasichana wengi wa Gando, na yeye akaja kulivunja.

Mwanawe wa pekee, Faki, alikuwa fundi wa umeme Unguja. Kila alipokuja likizo alimwomba mama yake ahamie kwake, na kila mara mama alikuwa na jawabu tayari: kuna fulani anaolewa baada ya Ramadhani, kuna fulani ameshaletwa kufundwa, nani atawasinga? Faki alicheka, akabeba nazi zake na muhogo wake akaondoka. Maadamu mtaani kulikuwa na msichana anayengojea kuolewa, Somo alikuwa na sababu ya kulala kitandani kwake.

Nilipomaliza ualimu na kupangiwa skuli ya Gando, nikawa napita kwake asubuhi kabla ya vipindi. Siku moja nilimletea sabuni mpya. Nikamkuta uani amenipa mgongo, anajitayarisha kuoga, mlango wa choo uko wazi. Nikaingia bila ya kubisha, na kwa kuwa kifuu cha juu kilikuwa bado na kipande, nikaiweka ile mpya kifuu cha kati, juu ya jiwe. Nikageuka kutoka. Somo akaingia. Tulikuwa uso kwa uso, ningenyoosha mkono ningegusa shavu lake, na yeye akanipita kwa macho kama mtu anavyoupita mlango. Mkono wake ukaenda kwenye kifuu cha kati kutafuta jiwe, ukagusa sabuni. Ukasimama.

"Nani kahamisha?" akauliza, hakumuuliza mtu.

Nilikuwa nikiyatazama macho yake, mazuri yaleyale, yenye wanja, hayana hata ukungu.

Baadaye akavuta pumzi, nadhani alinusa chaki au mafuta yangu ya nywele. Akaniambia niketi. Akanieleza kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo, kwamba ilianza pembeni. Kwanza hakuwaona watu wanaomjia ubavuni, kisha dunia ikawa inapungua kama kanga inayokunjwa, na sasa imebaki nuru tu, mlango na usiku. Nikampeleka hospitali kwa kisingizio cha miguu. Daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Tukarudi Gando.

Tulipofika uani alinishika mkono kwa nguvu.

"Usimwambie mtu, mwanangu. Faki akijua atakuja na meli ya kesho. Mie Unguja nitakuwa mgonjwa. Pano kwetu n'na kazi, pano mie ni Somo."

Nikaahidi. Na tangu siku hiyo nikakiona choo kile kwa macho mengine. Kopo la mafuta ya nazi alikuwa amelivisha ukili laini uliosukwa. Kopo la dawa ya kuoshea sakafu alilizungushia kamba ya makumbi, kali, inayokwaruza vidole hata kabla hujalishika vizuri. Liwa iko kwenye kifuu chenye ukingo uliomeguliwa, karafuu kwenye kifuu kisichomeguliwa. Watu waliopita humo miaka yote walisifu ubunifu wake, wakarudi majumbani kwao kutoboa vifuu. Hakuna aliyejua kwamba mambo yale, mengine ya zamani na mengine mapya, sasa yalikuwa yanamshika mkono na kumpeleka. Alisinga mabibi harusi watatu akiwa haoni, na mama zao wakamshukuru.

Sasa niseme habari za Raya, mke wa Faki, na naomba asomaye asimchukie, maana mie nilijaribu nikashindwa. Raya alikuwa mtu wa mapenzi. Alikuwa na simu iliyojaa video za kupanga nyumba, na zilizomvutia zaidi ni za vyoo: rafu za pembeni, makabati nyuma ya kioo, chupa zinazofanana zilizopangwa kama watoto wa skuli kwenye paredi. Kila akija Gando akakiona choo cha mkwewe moyo ulimuuma. Mama wa mumewe, mwanamke anayeheshimiwa mtaa mzima, anaoga kati ya vifuu na wavu. Akajinyima yeye na mumewe, na Idi moja wakashuka bandarini na maboksi ya marumaru, kabati jeupe la plastiki na fundi.

Somo alimtuma mtoto wa jirani aniite. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda uani, mgongo umenyooka. Ndani fundi alikuwa anang'oa vifuu kwenye boriti, na kila kimoja kilitoa mlio wa msumari unaoachia mti. Aliuhesabu kila mlio kwa kidole chake juu ya goti.

Nikamnong'oneza, "Somo, wakataze."

"Niwakataze kwa sababu gani?" akanijibu. "Mtoto kakuletea zawadi na mkewe. Niseme sitaki, wataniuliza kwa nini. Na hicho cha kwa nini ndicho nisichokitaka."

Kazi ikaisha. Raya akamshika mkono mkwewe, akamwingiza, akamwonesha. Somo alipapasa marumaru yaliyo baridi na yanayofanana kila upande, akasema mashaallah, akasema Mungu awalipe, akazisifu hata rangi. Raya akalia kwa furaha. Ndani ya kabati lile alikuwa amemimina kila kitu katika chupa za umbo moja, laini, zenye pampu juu: sabuni ya maji, mafuta ya kusingia, dawa ya kusafishia choo. Kila moja aliibandika jina kwa herufi nzuri. Vifuu vilitupwa nyuma ya banda la kuku. Niliviokota viwili nikaenda navyo kwetu, bila ya kujua vya nini.

Faki na Raya walipopanda meli, mimi na Somo tulianza upya. Nilichukua uzi mweusi kwenye cherehani ya mama, nikafunga shingo za chupa: fundo moja sabuni, mawili mafuta, matatu dawa ya choo. Somo alisimama mbele ya kabati kama mwari wa siku ya kwanza, akafumba macho yale ambayo kufumba na kufumbua kwake kulikuwa ni mamoja, akaita. Mie nikajibu kwa niaba ya chupa. Tulicheka kidogo. Akasema vinaitika, ila kama wageni, havijazoea jina lake.

Kisha ikaja harusi ya Mize, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Kwetu, siku ya kumsinga bibi harusi, jamaa zake wa kike huja mapema kukiosha choo cha somo. Ni heshima, na pia ni hifadhi: bibi harusi hasidi wake ni wengi, na pahala atakapovua nguo lazima patazamwe kama kuna kitu kilichotegwa. Aliyeongoza ni shangazi yake Mize, mwanamke mcha Mungu, mwenye hofu na mikono ya haraka. Alifungua kabati. Akaona uzi mweusi wenye mafundo kwenye shingo za chupa.

Nani wa kumlaumu? Uzi mweusi, mafundo, chooni, siku ya harusi. Hakupiga kelele, kwa kumstahi Somo. Alisoma dua zake, akayafungua mafundo moja moja kwa ncha ya kisu, akauvingirisha uzi kwenye leso na kuutia kifuani. Chupa akazisuuza, akazipanguza mpaka karatasi za majina zikabanduka, akazirudisha kwenye rafu zikiwa zimejipanga vizuri sana.

Mie nilikuwa uani natwanga liwa. Udi ulikuwa umejaa kila pahala, na marashi, na asumini, pua haikuweza kutenga kitu na kitu. Wanawake walikuwa wanaimba. Somo alikuwa ndani na Mize na yule shangazi. Nilimsikia akimtania Mize kwamba mgongo wake umekauka kama ngisi, je bwana harusi anakuja kuoa au kula? Mize akacheka. Halafu Mize akalia kwa sauti ambayo bibi harusi halii.

Nilipofika mlangoni, shangazi alikuwa anammwagia maji ndoo baada ya ndoo. Begani mwa Mize, mpaka karibu na shingo, ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu na inaanza kuvimba. Somo amesimama na chupa mkononi. Aliinusa. Akaiweka chini, sakafuni, mara ya kwanza nilipomwona akiweka kitu sakafuni.

Tukamtoa Mize, akapakwa dawa, akatulia. Ndipo shangazi akatoa leso kifuani, akaifungua mbele ya wanawake wote uani.

"Bi Somo, nilinyamaza kwa heshima yako. Sasa mtoto kaungua. Huu uzi ni wa nini?"

Nyimbo zilikuwa zimekatika. Nilipiga hatua nizungumze. Somo akausikia unyayo wangu, akainua kiganja kunizuia. Nilizitazama njia mbili zilizokuwa mbele yake, na kila mtu pale aliiona moja tu. Angenyamaza, mtaa ungesema karoga, lakini wangemwogopa na wangemwacha kwake. Angesema kweli, Faki angekuja.

"Wa kunambia lipi mafuta na lipi dawa ya choo," alisema. "Leo mafundo sikuyakuta, nikakisia kwa pahala pake. Sioni, Bi mkubwa. Muda mrefu sioni."

Shangazi aliutazama ule uzi kwenye leso, akamtazama Somo, kisha akakaa kitako palepale kwenye maji na nguo zake za harusi.

Mize aliolewa jioni ile, bega limefunikwa kwa mtandio. Siku ya pili alikuja na mumewe kumwamkia Somo. Somo alimwomba ruhusa aguse. Aliweka vidole pembeni ya kidonda, akavizungusha polepole kukipima, kisha akauondoa mkono na kuuficha ndani ya kanga, na tangu hapo hakumsinga mtu. Faki alikuja na meli ya kesho yake, kama Somo alivyosema, akamchukua.

Nilimfuata Unguja mwaka uliofuata, likizo ya skuli. Wanakaa ghorofani. Raya alinifungulia mlango, amekonda. Kabla hata sijaketi aliniambia kwamba kabati lake mwenyewe la chooni, kama lile la Gando, ameling'oa, hawezi kulitazama. Somo alikuwa kwenye kochi, kanga safi, nywele zimesukwa vizuri. Meno yalikuwa meupe. Hapa hakuna tambuu, akanambia, wanasema inachafua kochi. Raya anamwogesha kila asubuhi, anamtilia sabuni mkononi, anamfuta. "Ananiosha vyema," alisema Somo kwa sauti iliyofundishwa upole. "Sina la kulalamika."

Nikatoa kwenye mkoba wangu kifuu kimoja. Alikishika, akakigeuza, kidole chake kikatafuta matundu chini, kikayapata. Raya ndiye aliyesimama, akakata kipande cha kamba, akaenda chooni na kukifunga kifuu kwenye bomba la maji, akatia sabuni ndani, akarudi akasema, "Mama, kipo mkono wa kulia, usawa wa kifua."

Somo akasema ataingia peke yake.

Alipapasa ukuta mpaka mlangoni, akaufunga nyuma yake. Mimi na Raya tulisimama nje kama watu wanaongoja jibu la daktari. Tulisikia bomba likifunguliwa. Kisha sauti yake, si ile ya kochini, ile ya bandarini.

"Sabuni."

Kimya kidogo, na ile sauti nyembamba ya kitoto:

"Labeka."

Raya aliziba mdomo kwa mkono, nikadhani anacheka, na mie nikaanza kucheka. Ndani maji yaliendelea kumwagika.

"Dodoki," aliita Somo.

Tukangoja.

"Jiwe."

Maji.

"Kanga," aliita, na baada ya muda, polepole zaidi, "mkoba." Aliviita vyote kwa mpango wa kule Gando, kutoka mlangoni mpaka ukuta wa mwisho, na kila alipoita alinyamaza kwa kadiri ya mkono kufika.